Stelingi Kafa, na Kazini Kaenda

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulifundishwa sheria moja: stelingi hafi. Adui atamimina risasi mpaka ziishe, stelingi atatoka na mchubuko wa shavu. Sasa nendeni mkaangalie El Cid ya mwaka 1961, ya Charlton Heston na Sophia Loren. Humo stelingi anakufa. Siyo kuzimia, anakufa. Halafu asubuhi anavalishwa deraya, anafungwa wima juu ya farasi wake Babieca, macho kodo, anapelekwa kazini.

Jamani! Mimi nikipeleka ED, ile ruhusa ya mgonjwa kupumzika, ya siku mbili, na muhuri wa daktari juu, natazamwa kama nimeiba stepla. "Mbona wenzako wanaumwa na wanakuja?" Nilidhani ni roho mbaya ya bosi wetu peke yake. Kumbe tabia hii ilikuwepo Hispania tangu karne ya 11.

Maana huyo Rodrigo, ndiye El Cid mwenyewe, hapumziki. Yuko njiani kwenda kwa mchumba wake Jimena, anakutana na vita. Anawaachia mateka badala ya kuwanyonga, anaitwa mhaini. Baba mkwe anamdhalilisha mzee wake mbele za watu, wanashikiana panga, mkwe anafariki. Na mfalme anaamuru ndoa ifungwe vilevile! Mie nadaiwa blanketi la bibi tu, na shemeji zangu hawajaacha kununa.

Anakuja Alfonso, mfalme mpya. Rodrigo anamtaka aape hadharani kwamba hakuhusika na kifo cha kaka yake. Ndugu yangu, bosi humwulizi swali la namna hiyo kwenye kikao! Akafukuzwa nchini. Jimena, ambaye hasira zimekwisha, anamfuata, wanajificha bandani, hatimaye wanalala kama mtu na mkewe. Asubuhi wanafungua mlango: jeshi zima limesimama uwanjani linamsubiri yeye. Mimi wapangaji wenzangu wakinigongea alfajiri kudai mchango wa umeme, angalau hawaji na mikuki.

Miaka inapita, Heston anaota mvi na ndevu zinapauka. Sophia Loren yuko vilevile, hata kunyanzi moja hana. Mama watoto akasema, "Ndivyo mwanamke anavyokuwa akitunzwa." Nikaongeza sauti ya TV.

Kuna mahali nilisimama kabisa. Watu wa mji wa Valencia wamezingirwa na jeshi la Rodrigo, wana njaa, na mitambo yake ya kurushia mawe inawarushia mikate juu ya ukuta! Huu wa kwetu ulivyokonda siku hizi, ukiurusha, upepo unakurudishia.

Baadaye mshale unamwingia Rodrigo kifuani. Tabibu anataka kuutoa, lakini akiutoa itabidi mgonjwa alale kitandani. Mgonjwa anakataa, anasema kesho kuna vita! Watu wa aina hii ndio wanaotuharibia sisi wengine maofisini. Mmoja akija na dripu mkononi, kesho yake ndiyo inakuwa kanuni.

Mimi Rodrigo Díaz wa kwenye historia namwelewa zaidi. Alikufa Valencia mwaka 1099, na mshale ule ni wa watu wa sinema. Alipofukuzwa na Alfonso mwaka 1081, alikwenda Zaragoza akawatumikia watawala wa Kiislamu kwa miaka kadhaa, akiwapigania vita vyao, hata dhidi ya Wakristo wenzake. Kafukuzwa kazi, kapata kibarua kwingine, mnataka ale nini? Mwaka 1094 akaiteka Valencia, akaitawala kama yake. Kajiajiri! Sinema imempamba uzalendo mpaka unafikiri hakuwahi kupokea mshahara.

Tena naona bora alivyokufa bila kujua yaliyofuata. Jimena aliushikilia mji mpaka 1102, aliposhindwa wakaondoka na maiti hadi kwenye monasteri ya San Pedro de Cardeña. Huko nako hakuachwa. Wanajeshi wa Napoleon walilivunja kaburi, mifupa ikatangatanga, mpaka mwaka 1921 ilipozikwa ndani ya kanisa kuu la Burgos. Uhamisho juu ya uhamisho, marehemu hajaulizwa, na posho ya usumbufu sijasikia ililipwa kwa nani.