Mfanyakazi wa Kumi

Kuna karakana ya samani Keko, Dar es Salaam, ambayo nimeizoea kwa miaka. Mwenyewe ana mafundi tisa kwenye daftari la mishahara, lakini ukihesabu vichwa pale uani unapata kumi na watatu. Wale wanne wa ziada wanalipwa kwa kipande: kitanda kikishapigwa msasa na vanishi, pesa inatoka mkononi, hakuna mkataba wala NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Nilimuuliza kwa nini asimwandike hata mmoja. Akanijibu macho yakiwa kwenye randa: "Kaka, nikimwandika wa kumi nimejichongea mwenyewe."

Jibu lake lina hesabu ndani yake. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, hii tunayoiita SDL, inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Tangu Julai 2023 kiwango chake Tanzania Bara ni asilimia 3.5, na hakipigwi kwenye mshahara wa yule wa kumi peke yake, kinapigwa kwenye mishahara ya wote. Chukua mafundi tisa wa shilingi 400,000 kila mmoja: tozo ni sifuri. Ongeza wa kumi kwa mshahara uleule, jumla inafika milioni 4 na tozo inakuwa 140,000 kila mwezi. Kabla hujagusa NSSF wala mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini, kijana mmoja wa 400,000 ameshakugharimu 540,000.

Kila ikikaribia bajeti tunasikia kwamba uchumi ukikua, ajira zitakuja zenyewe. Uchumi wetu unakua kweli, asilimia 5.5 mwaka 2024. Ila inategemea unakulia wapi. Kilimo kinatoa takriban robo ya pato la taifa na kinabeba karibu theluthi mbili ya nguvukazi. Madini yamefikia karibu sehemu ya kumi ya pato, lakini mgodi mkubwa unachimba kwa mitambo na hauhitaji watu wengi. Dhahabu ya Geita inaweza kupandisha takwimu za mwaka mzima bila fundi hata mmoja wa Keko kuandikwa kazi.

Ndiyo maana wengine wanataka serikali imlipe mwajiri, au imsamehe kodi, kwa kila kijana mpya anayemchukua. Afrika Kusini imeshapita njia hiyo. Kuanzia Januari 2014 mwajiri aliyemchukua kijana wa miaka 18 hadi 29 mwenye mshahara mdogo aliruhusiwa kupunguza kodi aliyotakiwa kuwasilisha hadi randi 1,000 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, na nusu yake mwaka wa pili. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COSATU, lilipinga likihofia wafanyakazi wenye umri mkubwa watatolewa ili vijana wenye ruzuku waingie. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipochunguza miezi ya mwanzo hawakuona ongezeko la maana la ajira za vijana. Tafiti zilizofuata ziliona dalili za nafuu, hasa kwenye kampuni ndogo. Wakajitokeza pia wajanja walioandikisha wanafunzi kama wafanyakazi huku hakuna kazi yoyote inayofanyika, hadi mwaka 2021 sheria ikabidi ikazwe. Na ukosefu wa ajira nchini humo bado uko juu ya asilimia 30.

Wapo wanaoyasoma matokeo hayo kama ushahidi kwamba motisha ya kuajiri haifai. Mimi sisomi hivyo. Kampuni kubwa iliyokuwa na mpango wa kuajiri watu mia ilipokea pesa kwa watu walewale mia. Kwa kampuni ndogo, randi 1,000 zilikuwa ndiyo tofauti kati ya kumchukua mtu na kumwacha. Pesa ilimwagwa kote, ikafanya kazi pale tu ilipokutana na mwajiri aliyebanwa.

Lakini hata huyo aliyebanwa lazima awe na mteja. Mwenye karakana wa Keko anaukumbuka mwaka 2016, kampeni ya madawati ya shule ilipopamba moto na kila mkoa unasaka wa kuyatengeneza. Hakupewa unafuu wowote wa kodi siku zile. Alipewa oda, na watu akawatafuta usiku na mchana. Motisha ya kuajiri haiwezi kuziba pengo la oda, na anayeahidi hivyo anawadanganya vijana.

Upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa. SDL inachangia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, na mwajiri anayelalamikia tozo ndiye huyohuyo anayelalamika kwamba vijana hawajui kazi. Serikali pia haijakaa kimya: tozo ilikuwa asilimia 6 hadi 2013 na imeshushwa mara kadhaa, na mwaka 2021 kizingiti kilipandishwa kutoka wafanyakazi wanne hadi kumi. Mafundi wengi walipumua. Ukuta haukubomolewa, ulisogezwa tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwekezaji anayeingiza mashine ya kiwandani anapata unafuu wa ushuru wa forodha, wakati anayeongeza mtu anaongezewa tozo. Siipingi mashine, bila msumeno wa umeme karakana ile ingekuwa imeshafungwa. Napinga mizani iliyolalia upande mmoja katika nchi ambayo vijana wake ndio wengi.

Ningeanza na jambo dogo: tozo ihesabiwe kuanzia mfanyakazi wa kumi kwenda juu, si kwa wote. Kwa hesabu ya Keko, 140,000 zingeshuka hadi 14,000. Hazina itapoteza, na watoto wa VETA wasije wakalipia pengo hilo. Lijazwe kwa kupunguza misamaha ya mitaji mikubwa. Atakayegawa kampuni yake vipande ili akwepe atajulikana kwenye kumbukumbu za NSSF. Huko huko NSSF ndiko pa kuthibitishia kama mtu mpya ameongezeka kweli, kabla ya kumpa mwajiri nafuu nyingine ya mwaka mmoja au miwili.

Kijana anayepiga msasa pale uani ana miaka mitatu akilipwa kwa kipande. Mwaka jana alikatwa kidole, na dawa alijinunulia mwenyewe.