Wapiga Filamu Ugenini: Kicheko Kinamwangukia Nani?

Kichekesho cha wapiga filamu walioko nchi ya mbali kina mpango unaojulikana: watu wanafunga mizigo kwenda kutengeneza filamu nzito, halafu kila kitu kinawaharibikia. Mfano maarufu ni Tropic Thunder ya Ben Stiller, ya mwaka 2008. Waigizaji wa Marekani wanapelekwa msituni Asia ya Kusini-Mashariki kuigiza vita vya Vietnam. Muongozaji anakanyaga bomu la kutegwa ardhini na kufa, genge la wauza dawa za kulevya linawazingira, na wengine kati yao bado wanadhani kamera zinaendelea kuwapiga. Ubishi juu ya filamu hiyo haujaisha, na sisi wa Arusha na Moshi, ambako kamera za wageni haziishi kuja, unatuhusu.

Wanaoitetea wanasema anayechekwa ni Hollywood yenyewe. Robert Downey Jr. anacheza mwigizaji wa Australia aliyefanyiwa upasuaji wa kubadili rangi ya ngozi ili aigize sajenti mweusi. Pembeni yake yumo mhusika mweusi wa kweli, anayechezwa na Brandon T. Jackson, na kazi yake ni kumkatiza kila anapojifanya anaujua uchungu wa weusi. Bila huyo, utani wote ungeoza. Hoja hiyo ina nguvu, na uteuzi wa Oscar alioupata Downey ulionyesha kwamba wengi walimwelewa.

Upande wa pili nao hauna hoja nyepesi. Vyama vya watu wenye ulemavu wa akili viliipinga filamu hiyo ilipotoka, kwa jinsi ilivyolitumia neno la kuwadhalilisha. Kuna kasoro nyingine isiyosemwa sana. Lile genge la msituni lina mkanda mmoja tu wa video, wa filamu mbovu ya mmoja wa waigizaji hao, na wameuangalia mpaka wanamwabudu. Hapo mtazamaji wa nchi za mbali amefanywa mtu asiyejua kuchagua. Anayejua kibanda umiza chetu, ukumbi wa mtaani wa kuonyeshea video, anajua si hivyo. Pale DJ anaizungumzia filamu ya kigeni kwa Kiswahili, anampachika jambazi jina la mtaani, na ukumbi unacheka pale ambapo mtunzi hakutia kichekesho. Mtazamaji huyo hapokei tu, anaitengeneza filamu upya. Tropic Thunder haikumwona, na si ajabu: msitu wake ulipigwa Kauai, Hawaii. Mahali palikuwa pazia tu.

Arusha tuna kipimo chetu. Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka 1962, ilipigwa hapa Tanganyika, ikiwemo Momella chini ya Meru, John Wayne akiwafukuzia wanyama wa kweli kwa gari. Mahali pale si pazia: vumbi ni vumbi lenyewe, na faru anagonga gari kwelikweli. Lakini wahusika wakuu wote ni wageni. Mandhari yalipewa heshima ambayo wenyeji hawakupewa, na hilo linaniuma kuliko utani wowote mkali, kwa sababu jina la filamu lenyewe ni neno letu.

Mtu akitaka kupiga kichekesho cha aina hii hapa, kicheko akitafute ndani ya kazi yenyewe. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), wa Marekani ni volti 120 na hezi 60. Mgeni akichomeka taa ya kwao moja kwa moja ukutani, balbu inapasuka kabla hajamaliza sentensi ya kujisifu. Akiponea hapo kwa transfoma ya kushusha umeme, picha inamsaliti: kamera ya fremu (picha) 24 kwa sekunde yenye shata, kifungua mwanga cha kamera, ya nyuzi 180 inaweza kuonyesha taa za hoteli zikipepesa. Dawa ni kuweka shata nyuzi 172.8, yaani kila fremu ipate mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde, ilingane na hezi 50 zetu. Fundi wa Moshi anayelijua hilo akisimama kimya pembeni huku wakubwa wakigombana, sini imejiandika.

Jua nalo ni mhusika. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa linakaa juu ya kichwa, macho yanageuka mashimo meusi chini ya kofia, na bila ubao mweupe wa kurudisha mwanga uso haupatikani. Kilimanjaro mara nyingi inajifunika mawingu katikati ya asubuhi. Prodyuza aliyepanga mlima uonekane saa saba mchana amejiandalia msiba mwenyewe.

Tahadhari moja: mgeni akiwa mjinga tangu mwanzo hadi mwisho, tutakuwa tumeirudia kasoro ileile kwa kuigeuza upande. Na sisi tuchekwe: dalali anayepandisha bei ya uwanja akiona kamera, kijana wa ekstra, mwigizaji wa kujaza umati, anayenyoa nywele usiku na kuvuruga mwendelezo wa sini iliyobaki nusu.

Sini ya kupima ni hii. Mzee yuko getini Marangu, shamba la migomba nyuma yake. Mwigizaji mgeni anatakiwa apite mbio akimkimbia simba. Muongozaji amekata maamkizi yote kuokoa sekunde kumi, na mzee hafungui geti kwa mtu asiyesema shikamoo. Ipigwe kwa picha pana, geti, mzee na mkimbiaji waonekane pamoja bila kukata, maana ukikata kwenda usoni utani unakufa. Sauti ya mahali, yaani utulivu wa pale bila maneno, irekodiwe dakika nzima kabla, ya kuzibia pale honi ya bodaboda itakapopita. Mara ya tatu mwigizaji anasimama, anavua kofia, anasema, "Shikamoo mzee." Mzee anajibu marahaba, anamuuliza habari za nyumbani, za safari, za watoto, na simba anangoja.