Nyimbo za Tyagaraja ni za Nani?

Kila mwaka, mwezi wa Januari au Februari kulingana na kalenda ya Kihindu, waimbaji na wapigaji ala kwa mamia hukusanyika Thiruvaiyaru, mji mdogo kando ya mto Kaveri, si mbali na Thanjavur, kusini mwa India. Huketi chini, safu kwa safu, mbele ya kaburi la mtu aliyefariki tarehe 6 Januari 1847, wakaimba kwa pamoja nyimbo zake tano, moja baada ya nyingine, karibu saa nzima. Bingwa anayejaza kumbi za Chennai hukaa jamvi moja na mwanafunzi, na hakuna anayelipwa.

Mtu huyo ni Tyagaraja. Nazipenda nyimbo zake, na ndiyo maana mzozo wa nani ana haki nazo unaniuma. Kwa mmoja ni ibada ya Rama, mungu wa Kihindu, na asiyemwamini Rama hana lake hapo. Kwa mwingine ni muziki mkubwa wa dunia nzima. Yupo pia anayeona humo fahari ya Wabrahmini, tabaka la juu la makuhani, iliyovishwa vazi la utakatifu. Wote watatu wana la kuonyesha.

Kwetu Afrika Mashariki jina lake halijazoeleka, kwa kuwa familia nyingi za Kihindi zilizohamia pwani hii zilitoka Gujarat na Kutch, zikaja na watakatifu wao wa kule, kama Narsinh Mehta. Tyagaraja ni wa kusini. Alizaliwa mwaka 1767, na Tiruvarur ndio mji unaotajwa kuwa wa kuzaliwa kwake. Walikuwapo wawili wengine wa zama zake, Shyama Shastri na Muthuswami Dikshitar, na hadi leo watatu hao huhesabiwa kuwa nguzo za muziki wa Karnatiki, yaani muziki wa jadi wa kusini mwa India. Waumini husema Tyagaraja alitunga nyimbo 24,000. Zilizotufikia ni kama 700, nyingi kwa Kitelugu na chache kwa Kisanskriti.

Hata hizo 700 zinatosha kumkalisha mtu maisha yake yote. Utunzi wake huitwa kriti: una kiitikio, beti la kati, kisha beti la mwisho ambamo mtunzi hulitia jina lake, kama washairi wetu wa tenzi wanavyojitaja mwishoni ili kazi isije ikaporwa. Ustadi wake mkubwa umo katika kile wanachokiita sangati. Mstari mmoja huimbwa ulivyo, kisha hurudiwa ukiwa umeongezwa pambo, tena na tena, hadi maneno matatu au manne yanafunguka kama kanga inayokunjuliwa upindo baada ya upindo. Hazikuwa mbwembwe za kuonyesha koo. Anapomuuliza Rama kwa nini hamjibu, kurudia huko ndiko kuuliza kwenyewe. Mara ya kwanza ni swali, ya tatu ni malalamiko, ya sita ni mtu anayegonga mlango kwa ngumi.

Kisa chake kinachosimuliwa zaidi ni cha mfalme. Serfoji wa Pili wa Thanjavur alimpelekea zawadi na mwaliko wa kwenda kuimba barazani kwake. Tyagaraja akakataa, na jibu lake likawa wimbo, “Nidhi chala sukhama”, katika raga, yaani mtindo wa sauti wenye noti na mwendo wake, iitwayo Kalyani. Anaiuliza nafsi yake: kipi chenye raha zaidi, hazina au kukaa mbele ya Rama? Kaka yake alikuwa ameshaitia utajiri huo mfukoni kwa mawazo. Akapandwa na hasira, akazitupa mtoni sanamu za Rama ambazo mdogo wake alikuwa akiziabudu. Mapokeo yanasema Tyagaraja alizunguka akilia na kutunga, mpaka alipozipata tena katika mchanga wa Kaveri.

Wanaosita kukipokea kisa hiki kama historia wana sababu. Habari za mwanzo za maisha yake ziliandikwa na mwanafunzi wake Venkataramana Bhagavatar na mwanawe, watu waliomwona mwalimu wao kuwa walii, na mwandishi wa habari za walii ana ada yake: mfalme lazima ajaribu, walii lazima ashinde. Isitoshe, Serfoji mwenyewe tangu 1799 alikuwa ameukabidhi utawala kwa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki. Alibaki na kasri na posho, akazitumia kwa vitabu, tiba na muziki. Waliokubali fedha zake hawakuwa watu wa bure. Ndugu wanne wa Thanjavur, wanafunzi wa Dikshitar, waliitumikia baraza yake, na mpangilio wa maonyesho ya ngoma ya Bharatanatyam unaojulikana leo umepita mikononi mwao. Wangekataa posho kama Tyagaraja, ngoma hiyo ingekuwa maskini zaidi.

Na yeye je, aliishi kwa nini? Aliishi kwa unchavritti. Alitembea mitaani akiimba, huku chombo kikiwa tayari kupokea mchele ambao wenye nyumba walimtilia. Ni unyenyekevu wa kweli, na sitaki kuupunguza. Lakini ni njia iliyowafungukia watu wa tabaka lake. Mbrahmini anayeomba mchele huku akilitaja jina la Mungu alipokelewa kwa heshima mlangoni, wakati mpiga ngoma wa tabaka la chini hakuwa na mlango wa kusimama. Ndiyo sababu siukubali usemi kwamba aliyemkataa mfalme ni msafi na waliopokea mshahara waliiuza sanaa. Kila mmoja alikula kwa mkono uliokuwa karibu naye. Wimbo wenyewe, hata hivyo, haupungui kitu kwa hayo, kwa kuwa swali la hazina na Rama anaulizwa kila anayeuimba.

Baada ya kifo chake wanafunzi walitawanyika, kila kundi na namna yake ya kuziimba nyimbo zile, na kaburi likaachwa kwa magugu na mafuriko ya mto. Lilifufuliwa na nani? Hapo ndipo wanaomfanya Tyagaraja mali ya ukoo wanapokwama.

Bangalore Nagarathnamma alizaliwa 1878 katika jamii ya devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu na sanaa, ambao kufikia zama zake jamii ilikuwa imeshaanza kuwatazama kama makahaba. Alikuwa mwimbaji hodari na msomi asiyeogopa. Mwaka 1910 alichapisha upya utenzi wa mapenzi wa Muddupalani, mshairi mwanamke wa Thanjavur wa karne ya 18, na serikali ya Waingereza ikaupiga marufuku. Mwanamke huyo ndiye aliyesikia kwamba kaburi la Tyagaraja limekuwa gofu. Kuanzia 1921 alinunua ardhi na kutoa mali yake mwenyewe, vito vikiwamo, na kufikia 1926 hekalu dogo lilikuwa limesimama juu ya kaburi.

Wanaume waliokuwa wakiendesha maadhimisho ya kila mwaka walikuwa wamegawanyika makundi mawili yaliyogombana kwa miaka. Katika jambo moja walipatana: wanawake wasiimbe mbele ya kaburi. Nagarathnamma, aliyejenga kwa fedha zake, akaambiwa asitoe sauti katika jengo lake. Akaunda kundi la tatu, la wanawake, wakaimba upande wa nyuma. Hawakuacha. Kufikia 1941 makundi yaliungana, na tangu hapo wanawake huimba na wanaume. Alifariki 1952, na kumbukumbu yake ipo palepale, ikilielekea kaburi la Tyagaraja.

Walinzi wa ibada husema kisa hiki ni ushahidi wao. Nagarathnamma hakuja kwa ajili ya muziki mtupu, alikuja kwa imani. Alisadiki kwamba Tyagaraja alimwita, na mali yake aliitoa kwa walii, si kwa mtunzi stadi. Nakubali kabisa. Anayetaka kuibakiza raga na kumtoa Rama asimtumie Nagarathnamma kuwa wakili wake. Lakini kisa hikihiki kinaonyesha kwamba imani kubwa kuliko zote ilikaa kwa mtu ambaye wenye mlango walimkataa.

Turudi kwenye nyimbo tano, ambazo wao huziita vito vitano. Wa mwisho, katika raga ya Sri, huanza “Endaro mahanubhavulu, andariki vandanamu”: wakuu ni wengi, nawasalimu wote. Kila anayetaka kuonyesha ukunjufu wa Tyagaraja huushika mstari huu, na una haki ya kushikwa. Ni nadra fundi mkubwa kusimama katikati ya kazi yake bora na kusema kwamba wapo wengine, na wote anawainamia.

Wa pili, katika raga ya Gowla, ni “Dudukugala”. Ni wimbo wa toba. Anauliza ni mwana gani wa mfalme atakayemwokoa mkosefu kama yeye, kisha anayataja makosa yake moja baada ya jingine. Katika kuyataja anasema alizaliwa katika tabaka la kwanza, lakini akawa akifanya kazi za Washudra. Yaani mtu anapotafuta mfano wa kuanguka, mfano unaomjia ni maisha ya tabaka la chini. Siku ileile ya salamu kwa wakuu wote, mstari huo nao huimbwa na mamia kwa sauti moja.

Watetezi wanasema ni lugha ya zama zake, na kwamba ukali wote ameuelekeza kwake mwenyewe. Ni kweli hamtukani mtu. Lakini kwa mtu aliyezaliwa Shudra, kuambiwa kwamba maisha ya mama yake ni kipimo cha dhambi ya mwingine si faraja. T. M. Krishna, mwimbaji mashuhuri ambaye ni Mbrahmini, amesema kwa miaka kwamba muziki wa Karnatiki umefungwa katika tabaka lake, naye amepata matusi kwa kusema hivyo. Mimi nisingetaka mstari ule ufutwe. Ningetaka ufundishwe pamoja na maana yake, mwanafunzi ajue anachokiimba. Tatizo langu ni ukimya wa walimu wanaoeleza sifa za Gowla noti kwa noti, kisha wakafika kwenye maneno hayo na kupita kama hawakuyaona.

Lugha nayo ilileta mvutano wake. Katika nchi ya Watamil, ndiko Thanjavur iliko, msikilizaji aliweza kukaa jioni nzima ukumbini asisikie ila Kitelugu na Kisanskriti. Miaka ya 1940 vuguvugu la muziki wa Kitamil lilipata nguvu, na mwaka 1943 likaanzisha jumuiya yake jijini Madras, ambayo leo ni Chennai. Madai yao yalikuwa ya haki. Upande wa pili ulijibu kwamba Kitelugu kilikuwa lugha ya mabaraza ya wafalme wa Thanjavur kwa vizazi, na kwamba maneno yake mengi huishia kwa irabu, kama ya Kiswahili, hivyo sauti hupata pa kupumua. Tyagaraja mwenyewe alichagua Kitelugu chepesi, karibu na cha barazani nyumbani, ili aeleweke.

Moto mwingine uliwaka Agosti 2018. Waimbaji kadhaa wa Karnatiki walitukanwa na kutishwa mitandaoni kwa kuimba nyimbo za Kikristo, na onyesho moja likafutwa. Ilidaiwa kwamba kriti ya Tyagaraja imechukuliwa na jina la Rama kubadilishwa kwa la Yesu. Krishna akajibu kwa kuahidi wimbo wa Karnatiki kila mwezi kwa ajili ya Yesu au Allah.

Hapa mambo mawili yalichanganywa, na kila moja lina hukumu yake. Kubadilisha jina ndani ya kriti ya Tyagaraja ni kosa. Beti la mwisho lina jina lake, na ukilitoa la Rama ukaliacha lake, umemtia marehemu maneno ambayo hakuyasema, tena katika jambo alilolithamini kuliko maisha. Kwa hilo nipo na walinzi.

Kuimba nyimbo za Kikristo kwa raga ni jambo jingine kabisa, nalo ni la zamani kuliko hasira zao. Thanjavur hiyohiyo, zama zilezile, Vedanayagam Sastriar alikuwa akitunga nyimbo za Kikristo za Kitamil kwa raga, na Serfoji yuleyule, ambaye visa vinasema Tyagaraja alimkataa, alimlea Sastriar kwa fedha. Na Dikshitar, mmoja wa zile nguzo tatu, alizichukua tuni za bendi za Wazungu akazitilia maneno ya Kisanskriti ya kusifu miungu yake. Tuni ya wimbo wa kumwombea mfalme wa Uingereza ni miongoni mwazo, na hakuna aliyesema kwamba ameiba. Ikiwa tuni iliruhusiwa kuvuka kuja hekaluni, kwa sheria gani raga inazuiwa kuvuka kwenda kanisani?

Januari au Februari ijayo wataketi tena mbele ya kaburi, wanawake na wanaume. Mpangilio wa nyimbo tano haubadiliki. Watapita kwenye Gowla, na mstari wake mzito, kabla ya kuifikia Sri na kuwasalimu wakuu wote.