Bosi, acha kumpigia dereva akiwa barabarani

Kila lori likigonga watu maneno ni yale yale, dereva alikuwa anachati, dereva mzembe, afungwe. Sawa, mi simtetei dereva anayeshika simu akiwa kwenye usukani wa semitrela, ila jamani mbona hatuulizi aliyekuwa upande wa pili wa ile simu ni nani?

Kaa na madereva wa transit, wale wanaopeleka mizigo nchi jirani, wakiwa wamepaki wanasubiri kuingia bandarini, watakwambia wenyewe. Anayepiga sana ni tajiri mwenye lori, halafu dalali wa mzigo, halafu wakala wa forodha, halafu mwenye mzigo yuko Lubumbashi huko Kongo, na wote swali ni moja tu, "umefika wapi?" Usipopokea una dharau, au unahisiwa umepaki mahali unauza mafuta, na safari ijayo gari anapewa mwingine. Kwa hiyo dereva anapokea, hata kama yuko kwenye mteremko wa Kitonga, hata kama ni saa nane usiku na macho yanafumba. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba malori mengi siku hizi yamefungwa GPS, yaani ofisini kuna mtu anaiona gari kwenye skrini iko Mlandizi inatembea, na bado anapiga kuuliza iko wapi!

Lori likiwa spidi 80, ambayo ndo mwisho kisheria kwa magari makubwa, linakula mita 22 kwa sekunde moja. Ukisoma meseji kwa sekunde tano umeshapita mita 110 hujaangalia mbele, na lori na mzigo wake pengine ni tani 56.

Ila hapa Dar hata spidi haihitajiki. Juzi nipo kwenye daladala barabara ya Mandela, foleni ya Buguruni kuelekea Tazara, pembeni yetu kuna lori la kontena, dereva kashika simu juu ya usukani anaandika kwa dole gumba. Foleni ikasogea, lori nalo likasogea, yeye macho bado yapo chini. Mbele ya bampa lake kabisa kulikuwa na kijana anauza maji anakatiza na ndoo kichwani, na ubavuni kushoto boda kajipenyeza ana abiria, sehemu ambazo dereva hata akiwa makini anahangaika kuziona maana kabini iko juu. Kijana alipiga bodi kwa mkono, paa paa, ndo breki ikashikwa. Trafiki alikuwa mbele kidogo tu, lakini ukiwa umesimama chini mikono ya dereva huioni.

Wale wanaoingia live TikTok huku wanaendesha sina la kuwasemea, hao wanyang'anywe leseni. Mi naongelea simu za kazi, maana hizo zina mwenyewe.

Marekani walipowakataza madereva wa malori kushika simu, sheria ikaanza Januari 2012, faini ya dereva iliwekwa mpaka dola 2,750 na ya kampuni inayomruhusu au kumlazimisha mpaka dola 11,000. Kampuni mara nne ya dereva! Hapo ndo naona walishika penyewe, kwa sababu dereva wa kuajiriwa hawezi kumkatalia anayemlipa, na sisi huku tunamkamata yeye peke yake halafu bosi anatafuta dereva mwingine kesho yake asubuhi.

Kwahiyo wenye malori, kama mna nia kweli, iandikeni kwenye mkataba kwamba asiyepokea simu gari likiwa linatembea hakatwi posho wala hasimamishwi. Mpangie apige yeye akipaki, akifika mizani Vigwaza, akifika Moro. Kama kuna utingo simu za ofisi ashike utingo. Na ikitokea ajali, polisi waangalie ile namba iliyokuwa inapiga dakika ile, mwenye namba naye aitwe akaandike maelezo.