Mtihani msimu wa korosho, afu ziro tunashangaa

Kila matokeo ya fomu foo yakitoka utasikia yaleyale, watoto wa kusini hawapendi shule wanapenda ngoma. Mi naishi huku Newala, Mtwara, na hiyo kauli inanikera kwelikweli. Matokeo ya 2012 yalivyotangazwa mara ya kwanza zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikula ziro, nao wote walikuwa ngomani?

Angalieni kalenda jamani. Mtihani wa taifa ni Novemba, na Oktoba huku ndo minada ya korosho imepamba moto, yani kipindi mtoto anatakiwa atulie asome ndo nyumba nzima imehamia shamba. Shule za kata nyingi hazina bweni kwahiyo wa vijiji vya mbali wanapanga geto, mabinti watatu chumba kimoja na unga wa kutoka nyumbani, unga ukiisha mama yuko shamba na simu haipatikani, sasa binti afanyeje? Anashika ndoo anaenda kuokota korosho, anamuuzia kangomba, yani mnunuzi wa magendo, kwa bei ya kutupa, jioni anapata hela ya dagaa na vocha. Kesho darasani yupo ila anasinzia, na shati lina madoa ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, ambayo hata ufue vipi hayatoki.

Hapo sijagusa kiingereza, mtoto kasoma primari yote kwa kiswahili afu bailojia anaikuta kwa lugha nyingine, na mwalimu wa fizikia hamna.

Elimu bure ipo tangu 2016 tunashukuru, ila ada kufutwa hakujazi tumbo.

Mi naona dawa tunayo wenyewe. Mnadani tunakatwa makato kibao, tushindwe vipi kukubaliana kwenye mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, shilingi kadhaa kwa kilo ziende chakula cha fomu foo, wakae kambi shuleni kuanzia Septemba mpaka wamalize pepa ya mwisho? Unyago tunachangishana vizuri tu na wali unabaki.

Najua mtauliza nani atashika hiyo hela, na mna haki, makato yashawaliza wengi huku. Ishikwe na kamati ya wazazi, siyo ofisi, na mahesabu yabandikwe pale ghalani kila mtu ayaone. Mkutano ukiitishwa mi nanyoosha mkono, wa kunizomea azomee.