Kabla hujamwambia kijana auze kamera yake ndogo

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Nyalenda alinijia na kamera yake mkononi, Olympus E-M10 Mark II ya mtumba, bado ina lenzi ileile iliyokuja nayo, zumu ya milimita 14-42, akaniuliza kama ni kweli aiuze. Ameambiwa na mafotografa watatu wa hapa Kisumu, watu wenye kazi kila wikendi na ambao mimi nawaheshimu, kwamba sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo mno, harusi hataziweza nayo, aiuze aanze kuweka pesa ya fulu fremu, kamera yenye sensa kubwa, na lenzi ya 24-70 ya f/2.8 (hiyo namba ya f ni mwanya wa lenzi, ikiwa ndogo mwanya ni mkubwa na mwanga unaingia mwingi). Hiyo pesa hana. Anapata kazi moja mbili kwa mwezi, mara nyingi matanga, mara moja moja graduation. Nimekaa na hilo swali siku hizi zote nikaona niandike, ju walichomwambia si uongo, ila kuna kitu kikubwa wamekiruka hapo katikati.

Penye wako sawa niseme kwanza. Sensa ya fulu fremu ni milimita 36 kwa 24, ya Micro Four Thirds, ndio mfumo wa kamera ya kijana, ni 17.3 kwa 13, piga hesabu utaona ya pili ni kama robo ya ile ya kwanza kwa eneo. Robo ni stopu mbili za mwanga, kila stopu ni mwanga kupungua nusu, na hakuna programu ya kompyuta itakurudishia zote. Ukumbini saa mbili usiku, taa kubwa zimezimwa, zimebaki zile za DJ za zambarau, bibi harusi anaingia akicheza, hapo kamera ndogo ikifika ISO 6400 (ISO ni kiasi kamera inavyoikuza picha ya gizani) inaanza kuleta chenga, zile punje punje, kwenye suti nyeusi na kwenye ngozi zetu ule upande wa kivuli, na fulu fremu pembeni bado iko safi. Tena hiyo E-M10 inatafuta fokasi kwa kontrasti peke yake, giza likiingia lenzi inaenda mbele inarudi nyuma na mtu ashapita. Kuna na mambo ya biashara. Hapa mjini lenzi ya Canon ikikuharibikia Jumamosi asubuhi utaazima kwa rafiki kabla ya chai kuisha, ya mfumo mdogo utapiga simu hadi uchoke. Na mjomba wa bwana harusi akiona kikamera cha kutoshea kiganjani anauliza kamera yenyewe iko wapi, na huyo ndiye anayelipa balansi.

Sasa turudi kwa kijana. Yeye hapigi na sensa peke yake, anapiga na sensa ikiwa nyuma ya lenzi ambayo ukiizumu hadi mwisho, pale 42 penye anapigia nyuso, mwanya wake haupiti f/5.6. Nilimuuliza picha zake mbaya zaidi ni zipi, akanionyesha za ndani ya kanisa, zote zimepigwa f/5.6, ISO 6400. Nikachomoa lenzi yangu ya 45mm f/1.8 ya mfumo uleule nikamfungia. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 ni zaidi ya stopu tatu, yaani mwanga unaoingia ni zaidi ya mara tisa. Ile picha aliyopiga kwa ISO 6400, kasi ya shata ileile, taa zilezile, anaipiga kwa ISO kama 640. Hebu soma tena polepole: kununua bodi (kamera bila lenzi) ya fulu fremu ukabaki na lenzi ya f/5.6 kunakupa stopu mbili, na kubadilisha lenzi ndogo moja tu kwenye bodi uliyo nayo kunakupa tatu na ushee. Kijana ameambiwa auze kila kitu akatafute mbili wakati tatu ziko karibu, kwa bei ambayo kazi chache za matanga zinaweza kuirudisha.

Najua mtu ataniambia ushauri ulikuwa fulu fremu pamoja na f/2.8, nisilinganishe na lenzi mbovu. Haya. f/2.8 kwenye fulu fremu dhidi ya f/1.8 kwenye sensa ndogo, ukihesabu mwanga wote unaofika kwenye sensa, fulu fremu bado inashinda, lakini kwa chini ya stopu moja. Na pengo hilo dogo nalo si la kila picha.

Niwape mfano wa kwangu. Mwaka jana nilikuwa Seme kwenye mazishi, hema la bluu lile ambalo linamgeuza kila mtu rangi ya samaki, nje jua linachoma, ndani giza giza. Mjane alikuwa amekaa mstari wa mbele, dada yake amemwegemea begani, na wakati mtoto wa kwanza anasoma wasifu wa baba yake yule dada alinyoosha mkono akamfunga mjane kitambaa vizuri kichwani, bila kumwangalia, macho yote mawili yako kwa mtoto. Nilikuwa kama mita mbili na 45 yangu ya f/1.8. Nyuso mbili, moja imetangulia nyingine kama kiganja hivi. Kwa umbali huo lenzi ile kwenye sensa ndogo inakupa fokasi ya kina cha kama sentimita 11, yaani kilicho ndani ya hizo ndicho kinatoka kikiwa kali. Sasa chukua fulu fremu na 85mm f/1.8, ambayo kwa sensa kubwa inaona upana karibu uleule, umbali uleule, kina kinakuwa kama sentimita 6, kwa hivyo unapata jicho la dada, mjane anayeyuka. Ukitaka wote wawili lazima ufunge mwanya hadi karibu f/3.6, na ukifunga inabidi upandishe ISO mara nne, na hapo zile stopu mbili ulizolipia umezirudisha zote, chenga zako na zangu ni sawa.

Hili ndilo jambo ambalo sisikii likisemwa tunapowashauri hawa vijana. Faida ya sensa kubwa gizani unaipata ukikubali fokasi nyembamba. Portreti ya mtu mmoja, sawa, kubali, itakuwa nzuri sana. Lakini kazi zetu huku ni za watu wawili watatu, mama na binti, wazee wamekaa bega kwa bega, wajukuu wamezunguka kiti cha dani, nyanya yao, hakuna anayelipa ili uso wa shangazi uwe blaa. Nyumbani kwa watu albamu inafunguliwa na kila mtu anajitafuta.

Uzito nao usidharauliwe. 45 ya f/1.8 ni gramu 116. 25mm f/1.7 ya Panasonic ni gramu 125, na inaingia kwenye bodi ya Olympus bila adapta kwa sababu hizo kampuni mbili zilianzisha mfumo huu pamoja mwaka wa 2008. Ile zumu ya plastiki ya 40-150 ni gramu 190. Lenzi tatu, hazifiki nusu kilo ya sukari. 70-200 ya f/2.8 ya Canon, zile za EF, peke yake inakaribia kilo moja na nusu, na mtu wa matanga anaanza saa moja asubuhi mwili ukitolewa mochari anamaliza jioni, amesimama, amepanda boda, amevuka shamba la mahindi. Saa tisa mchana mwenye mzigo mzito anaanza kukaa chini, na picha za saa tisa ndizo za kaburini. Halafu kuna hii ya heshima, ambayo mimi naiweka juu kuliko zote: lenzi kubwa nyeupe ikielekezwa kwa mtu anayelia, analia tofauti au anaacha. Nikishika hiyo ndogo watu wananisahau.

Kwa ndege ndio mambo yanakuwa ya kupendeza, na pia ndio penye nakubali kushindwa. Pale Dunga ziwani alfajiri, uko ndani ya mtumbwi, mafunjo pande zote mbili, unamtafuta mdiria au furukombe. Stendi ya miguu mitatu kwenye mtumbwi haina kazi, unashika kwa mikono. Olympus 75-300 ina gramu 423 na ukifika mwisho inaona mbali kama 600mm ya fulu fremu, ambayo kwa wenzetu ni kitu kama Sigma 150-600, karibu kilo mbili. Jua likishatoka mwanga unatosha kabisa na hiyo ndogo inafanya kazi nzuri. Ikifika saa nne saa tano, joto linapanda juu ya maji, hewa inatetemeka, hapo hata uwe na lenzi ya bei ya gari ndege wa mbali atatoka kama amechorwa kwa maji, kwa hivyo usiilaumu lenzi, rudi nyumbani ukanywe chai. Lakini ingia msitu wa Kakamega na hiyo 75-300. Mwisho wake ni f/6.7, chini ya ile miti ni kama jioni mchana kutwa, na yule turako mkubwa wa bluu anakaa juu kabisa nyuma ya majani. Nilipiga mara nyingi, nikarudi na rangi ya bluu na chenga. Hapo mwenye sensa kubwa na lenzi yenye mwanya mkubwa ananishinda vizuri, akiweza kuibeba.

Vitu viwili vya kutumia, haraka. Kwanza shata ya kimya, inavutia sana kanisani, lakini chini ya taa za LED inaleta mistari kwenye picha ju umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jaribu kasi ya shata ya 1/100 au 1/50 ya sekunde na uangalie picha ya kwanza kabla hujapiga mia. Pili unyevu wa ziwa. Lenzi ikikaa ndani ya begi miezi miwili kwenye nyumba isiyo na hewa inaota kuvu kwa ndani, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Mimi naweka zangu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko na vile vipakiti vya silika, na nazitoa kila wiki, hata kama sina kazi.

Na kuna hii habari inayozungushwa kwamba mfumo huu wa Micro Four Thirds umekufa. Olympus kweli iliuza kitengo chake cha kamera, na tangu Januari 2021 kinaendeshwa na OM Digital Solutions, kamera na lenzi zinaendelea kutoka. Panasonic nao walitoa G9 II mwaka wa 2023, na hiyo iliwaletea wao Panasonic kwa mara ya kwanza kwenye mfumo huu fokasi ya fezi, ile isiyohitaji lenzi kwenda mbele na kurudi nyuma, ambayo watu walikuwa wakilalamika kwamba hawana. Lenzi zote za zamani zinaingia. Kwa mtu anayenunua mtumba hilo linatosha.

Kuhusu ukubwa wa kuprinti, E-M10 Mark II inatoa pikseli 4608 kwa 3456, ukiprinti kwa doti 300 kwa inchi ni sentimita 39 kwa 29, karibu A3. Picha ya kuwekwa juu ya jeneza haifiki hapo, na bango kubwa la getini linaangaliwa kwa mbali.

Kwa hivyo kijana nilimwambia hivi. Usiuze. Tafuta 45 ya f/1.8 ya mtumba kwanza, iangalie kwa tochi kama ina kuvu, ya pili iwe 25 kwa watu wengi na ndani ya nyumba, ile 14-42 ibaki ya nje mchana. Ukiitwa harusi ya usiku kodi fulu fremu na 24-70 na bei yake uiweke kwa kwoteshoni, mteja alipe. Siku harusi za usiku zikifika tatu kwa mwezi, hapo wale wakubwa watatu watakuwa wamesema kweli na utakuwa na pesa ya kuwasikiliza. Jumamosi hii ana matanga Bondo. Ameondoka na 45 yangu, nimemwambia airudishe Jumatatu na asifunge mwanya kupita f/2 ndani ya hema.