Presha kwa wanamichezo chipukizi: ukali unajenga au unabomoa?

Msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ukikaribia, makocha wa shule za Mbeya na Iringa hugawanyika kambi mbili. Wengine wanasema kijana asipobanwa hafiki popote. Wengine wanasema akibanwa mno atafika, ila hatadumu. Ushahidi mzuri kuhusu ubishi huu unatoka kwenye mchezo ambao huku kwetu hauchezwi kabisa: kuteleza kwa madaha kwenye barafu.

Mtelezaji huingia ulingoni peke yake. Huteleza mara mbili: programu fupi ni kama dakika 2 na sekunde 40, ndefu ni dakika 4. Hana wa kumpasia, hana kipindi cha pili. Mruko wa mizunguko minne huisha chini ya sekunde moja, na akianguka anakatwa pointi juu ya zile ambazo mruko wenyewe umeshazipoteza. Kilichomo kichwani huonekana miguuni papo hapo.

Wanaotetea ukali wana hoja nzito. Wasichana walionolewa na Eteri Tutberidze wa Moscow walichukua dhahabu na fedha katika Olimpiki ya 2018, na wengine wake wakarudia hivyo hivyo 2022. Matokeo ya namna hiyo hayapatikani kwa kubembelezana. Kurudia mruko ule ule kila siku, huku mwenzako wa mazoezi akiwania nafasi hiyo hiyo, kunaujenga mwili mpaka uruke bila kuamriwa.

Lakini tazama gharama yake. Alina Zagitova alitwaa dhahabu 2018 akiwa na miaka 15. Desemba 2019, akiwa na 17, alitangaza kusitisha kushindana. Beijing 2022, Kamila Valieva wa miaka 15 aliongoza programu fupi huku kesi ya dawa iliyokatazwa ikimwandama, kisha akaanguka zaidi ya mara moja katika programu ndefu na kumaliza wa nne. Alipotoka tu, kamera zilimnasa kocha wake, Tutberidze huyo huyo, akimuuliza kwa nini ameacha kupambana. Juni mwaka huo shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliamua kupandisha umri wa chini wa kushindana daraja la wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, hatua kwa hatua.

Kwa nini mtu aliyeufanya mruko mara nyingi kiasi hicho anaanguka? Ujuzi uliozoeleka hujiendesha wenyewe. Hofu ikiingia, mwenye ujuzi huanza kusimamia kila kiungo, na mwendo uliokuwa mmoja unakatika vipande vipande. Ndiyo hali ya mpiga penalti pale uwanja wa Sokoine anayeanza kujiuliza mguu wa kuegemea aukanyagishe wapi, wakati amepiga penalti tangu utotoni.

Nathan Chen wa Marekani analionyesha hili vizuri kuliko wote. Katika Olimpiki ya Februari 2018 aliharibu programu fupi, akawa wa 17. Kesho yake, medali ikiwa imeshakuwa mbali, alijaribu miruko sita ya mizunguko minne na kumaliza wa tano kwa jumla. Mwili ulikuwa ule ule na mazoezi yale yale. Kilichobadilika ni matarajio.

Halafu yupo Alysa Liu. Bingwa wa Marekani 2019 akiwa na miaka 13, akastaafu 2022 akiwa na 16, akarudi 2024 kwa masharti yake, akiwa na kauli juu ya muziki, mavazi na ratiba. Machi 2025 akawa bingwa wa dunia mjini Boston. Mtetezi wa ukali atasema msingi ule ulijengwa kwenye mazoezi makali ya utotoni, na hapo ana haki. Ninachokiona mimi ni kwamba msingi huo ulizaa ubingwa wa dunia pale lengo lilipokuwa mali yake mwenyewe. Hata Alphonce Simbu wetu: shaba ya dunia 2017, dhahabu ya marathoni 2025 akiwa na miaka 33. Hakumalizwa mapema.

Kwa hiyo naunga mkono ukali juu ya kazi: muda wa kufika, idadi ya marudio, usahihi. Ukali juu ya utu wa kijana, au juu ya uzito wa binti mbele ya wenzake, siuungi mkono hata kidogo.

Presha yenyewe inazoeleka ikifanyiwa mazoezi. Mara moja kwa wiki, mpe kijana penalti moja tu, timu nzima ikitazama, bila kurudia hadi wiki inayofuata. Kwa mkimbiaji wa mita 1,500, kosa la woga huonekana mwanzoni: mabega yamepanda, ngumi zimekaza. Mwenye uwezo wa dakika 4:20 apite mita 400 za kwanza kwa sekunde 69 au 70. Akipita kwa 63 kwa sababu jukwaa linapiga kelele, kwenye mwinuko wa Mbeya wa takriban mita 1,700 atakwama mzunguko wa tatu. Kabla ya kuitwa mstarini, avute pumzi kwa sekunde nne na kuitoa kwa sita, mara tano. Kocha ampe neno moja tu, kwa mfano “mabega”. Kumfundisha mbinu mpya dakika hizo ni kumrudisha kwenye kufikiria kila kiungo.

Akishindwa, mpe maji na koti, maswali yasubiri kesho.

Inabaki presha ya nyumbani, ambayo kocha hawezi kuikabili peke yake. Familia nyingi zinaona mguu wa mtoto kama njia ya kutoka kwenye shida, na si kosa lao. Wazazi waitwe kabla ya mchujo wa mkoa, waelezwe nafasi zipo ngapi na wanaogombea ni wangapi, kijana mwenyewe akiwepo anasikia.